Mtukufu Aliyeponya Vifua vya Tanurini

Ipo nchi moja ambayo ukiitafuta kwenye ramani utachoka bure. Wanasema mchora ramani alipofika hapo alishikwa na kikohozi, mkono ukateleza, akaendelea na nchi ya jirani. Nchi yenyewe haina ubaya. Ina mito, ina ng'ombe, ina Wizara ya Hewa, Michezo na Sherehe, tena ina Mtukufu Mlezi, ambaye amewalea wananchi wake miaka mingi na mpaka leo hajaona dalili yoyote ya wao kukua.

Katika nchi hiyo kuna mji unaitwa Tanurini, na hapo Tanurini lipo Tanuri Kuu la Taifa. Linayeyusha vyuma chakavu na betri kuukuu zinazoletwa na meli kutoka nchi ambazo watu wake wameomba, kwa adabu kabisa, visiyeyushiwe kwao. Kinachotoka kwenye bomba lake, zamani watu walikiita moshi. Baadaye ikatoka amri kwamba moshi ni wa jikoni kwa maskini, hiki cha bombani kiitwe Wingu la Uchumi. Watu wakakubali, jina halikuwa na uzito wa kugombania. Wingu likabaki lilelile, linaingia nyumbani bila hodi, linakaa kwenye uji, linakaa kwenye mashuka, na likishachoka kukaa huko linahamia vifuani.

Mjini hapo aliishi mama mmoja jina lake Sikudhani, na kazi yake ilikuwa udobi. Kufua nguo nyeupe Tanurini ni kazi ya mtu mwenye imani kubwa: unaanika nyeupe, unaanua za kijivu, unamwambia mwenyewe kwamba ndiyo rangi ya mwaka huu. Riziki yake ya uhakika ilitoka ofisi ya wilaya, alikofua bendera na vitambaa vya meza, maana kwa wakubwa wa nchi ile kikao kisicho na kitambaa cheupe mezani ni umbea tu. Mumewe aliondoka kwenda kutafuta maisha, na maisha hayakumpa ruhusa ya kurudi. Alibaki na binti yake mmoja, Chiku, mtoto mwembamba wa darasa la pili, na Chiku alikuwa na pumu.

Aliyewahi kulala chumba kimoja na mtoto wa pumu hahitaji kuelezwa. Asiyejua aelewe hivi: kifua kinapiga mluzi, mbavu zinaingia ndani, mabega yanapanda mpaka masikioni, na macho yanakutazama wewe mama mtu kana kwamba hewa umeificha wewe na hutaki kuitoa.

Alimpeleka kwenye zahanati kwa Daktari Lwitiko, kijana mpole aliyesoma mbali na kwa bahati mbaya akarudi. Sikudhani akamuuliza wazi kama si lile wingu linalomuua mwanawe. Daktari akainuka akafunga mlango. Akafikiri kidogo, akaona mlango uliofungwa ni ushahidi, akaufungua tena. Kisha kwa sauti ya kufika ukumbini akasoma mwongozo wa Wizara, kwamba pumu ya wilaya hii inasababishwa na paka, maembe mabichi, na wanawake kuosha nywele jioni.

Alipomaliza kusoma akainama karibu.

"Mama, mtoto anahitaji pampu ya kuvuta dawa, na anahitaji kuhama hapa. Pampu sina. Na kibali cha kuhama hakitolewi, kwa sababu anayehama Tanurini anahesabiwa ameutukana mji."

Kilichokuwa kimejaa stoo ni picha za Mtukufu, kubwa na ndogo, na fremu zake. Akampa moja ndogo asije akatoka mikono mitupu. Sikudhani akaitundika ukutani, na Chiku akaendelea kupiga mluzi chini yake.

*

Sasa, nchi ile ina desturi yake Mtukufu anapotembelea mji. Mawe ya kando ya barabara yanapakwa chokaa. Vumbi linamwagiwa maji ambayo nyumbani kwa watu yalikatika tangu masika. Ng'ombe wa njiani wanaogeshwa. Vichaa wanapakiwa kwenye lori na kupelekwa wilaya ya jirani, ambayo nayo zamu yake ikifika inawarudisha pamoja na wa kwake.

Tanurini liliongezeka jambo moja. Pua ya Mtukufu, kwa mujibu wa katiba, ilikuwa Pua ya Dola, nayo haikutakiwa kuwashwa na kitu. Kwa hiyo siku kadhaa kabla ya ziara tanuri lilizimwa. Hakuna aliyesema linazimwa kwa ajili ya wingu. Tangazo lilisema limepumzika kwa heshima.

Mbingu ikaonekana. Upande wa mashariki kukatokea kilima ambacho watoto walidhani kimejengwa usiku ule. Chiku aliamka akaomba uji, akaumaliza, akaomba mwingine, kisha akachukua kamba akatoka. Alikwenda kumwita Sekela, binti wa Mama Sekela waliyepakana naye ukuta, ambaye naye kifua chake kilikuwa kimeanza kusumbua, na wawili hao wakaruka kamba uani huku wakigombana kuhesabu. Sikudhani alikuwa akipiga pasi. Akasikia mwanawe anacheka, kicheko kirefu kisichokatika katikati kutafuta pumzi, akasimama palepale kusikiliza mpaka shuka la watu likaungua.

Mtukufu akaja na msafara wake. Akahutubia kutwa nzima juu ya pumzi. "Pumzi ni mali ya taifa," alisema. "Babu zetu waliipigania. Msiivute ovyo." Akagusa vichwa vya watoto wawili watatu waliopangwa mbele kwa kazi hiyo, akaondoka. Msafara haujamaliza kona, tanuri likawashwa. Kesho yake ukumbi wa zahanati ulijaa watoto mpaka wengine wakalazwa kwenye meza ya chai.

*

Daktari Lwitiko alikuwa akipeleka taarifa Wizarani kila mwezi, na kila mwezi hazikusomwa. Safari hii kuna mtu alizisoma, labda kwa kukosa gazeti. Akaona watoto wa pumu wamejaa, halafu katika siku za ziara hakuna hata mmoja, halafu wamejaa tena. Likaulizwa swali, na swali likitoka juu lazima lijibiwe kwa kikao.

Mkuu wa Wilaya, Bwana Ngwandumi, akaketi kwenye kiti cha mbele. Walikuwepo madiwani, alikuwepo meneja wa tanuri, ambaye dada yake kaolewa na Mtukufu, alikuwepo daktari, na alikuwepo Profesa Kabwogi kutoka makao makuu. Sikudhani alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kutandika kitambaa. Jibu kila mmoja mle ndani alilijua. Alilijua Mkuu wa Wilaya, aliyesomesha watoto wake nchi yenye theluji. Alilijua meneja, aliyelala kilomita nyingi upande upepo unakotokea. Hata mama wa chai alilijua. Wakawa wanatazama kitambaa cheupe, na masizi yakaanza kudondoka juu yake kutoka dirishani, doa moja moja. Bwana Ngwandumi akayafunika kwa sahani ya kikombe.

Profesa Kabwogi akasimama.

"Ndugu wajumbe, sayansi inatufundisha kutazama kilichobadilika. Watoto walipopona, ni nini kilikuwepo Tanurini ambacho siku zote hakipo?"

Daktari akatazama viatu vyake.

"Mtukufu," Profesa alijijibu. "Na alipoondoka?"

Akaketi huku anajifuta jasho, kama mtu aliyebeba ugunduzi huo kichwani tangu mji mkuu. Meneja wa tanuri ndiye aliyeanza kupiga makofi. Bwana Ngwandumi akauliza kama kuna mwenye maoni tofauti, ayatoe kwa uhuru, akitanguliza jina lake, la baba yake, na mahali familia yake inapolala. Hakutokea.

Dobi hasemi kwenye kikao cha wakubwa. Hata kukohoa huwa anakwenda kukohoa nje. Lakini Sikudhani alikuwa na mtoto aliyemwacha nyumbani amekaa kitako kwa sababu kulala kulimshinda, na pale alipokuwa amesimama na bendera zake mkononi aliona mlango mdogo umeachwa wazi katika ujinga ule.

"Mheshimiwa, samahani, mimi ni mtu wa vitambaa tu," alisema. "Kama ni Mtukufu anayewaponya, kwa nini tusimwombe aje kukaa hapahapa moja kwa moja?"

Daktari aliinua kichwa akamtazama. Halafu akakohoa, na kile kilikuwa kicheko kilichovaa kikohozi. Diwani mmoja akaelewa, akamgusa mwenzake, mwenzake akaelewa. Mtukufu akihamia Tanurini, Pua ya Dola imehamia Tanurini, na tanuri halitawaka tena mpaka mwisho wa dunia. Meneja naye alielewa. Alifungua mdomo kupinga, akapima atakuwa anapinga ujio wa nani, akaufunga.

Hoja ikapita kwa makofi. Siku hiyo Sikudhani alikwenda nyumbani akitembea kama mwenye harusi.

*

Ombi lilimfurahisha Mtukufu kupita kiasi. Alijibu kwamba siku zote alikuwa akihisi joto fulani viganjani, ila unyenyekevu ulimzuia kulitangaza. Ikaamuliwa ajengewe ikulu ya pili pale pale mjini, kwenye kiwanja kilichokuwa kimetengwa kwa hospitali, kwa hoja kwamba hospitali ya nini tena.

Mtaani Sikudhani akawa mtu wa kuamkiwa na waliomzidi umri. Mama Sekela alikuwa akimtania kwa kupaza sauti juu ya ukuta.

"Shoga, akili hiyo umeitoa wapi, na shule yenyewe uliichungulia dirishani?"

"Kwenye povu la sabuni."

"Basi nikopeshe kipande, labda na mimi niolewe."

Lakini ikulu inataka nondo, inataka mageti, inataka mabati, na vyote hivyo vilitoka kwenye tanuri. Moto ukaongezwa. Miezi ile ya ujenzi ilikuwa mibaya kuliko yote iliyotangulia. Taa ziliwashwa mchana. Chiku aliacha shule, na Sekela akafika pale Chiku alipokuwa mwaka uliopita. Mama Sekela akapunguza utani. Akawa anauliza tu, lini? Sikudhani akamwambia limebaki paa. Akaja kumwambia yamebaki mapazia. Alikuwa akipita kila siku kuhakikisha, kama mtu anayejengewa nyumba yake mwenyewe.

Mtukufu akahamia, na tanuri likazimwa.

Asikudanganye mtu kwamba hewa haileweshi. Tanurini watu walilewa. Mbuzi walipiga chafya kwa ugeni wa kitu kile. Wazee walibebewa viti nje wakakaa kutwa wakivuta pumzi bure. Sikudhani alianika mashuka, akayaanua meupe, akazika uso ndani yake akalia, na Chiku akamuuliza anachokilia ni nini na mwenzake Sekela anamngoja waende kwenye kamba.

Kisha yakaja masanduku.

Yalikuja na mafundi wageni. Mafundi wakaziba madirisha ya ikulu, wakaweka vioo juu ya vioo, wakafunga mashine za kufua hewa. Sikudhani hakuwa amejua kwamba hewa nayo hufuliwa, na kwamba kazi yake ina wakubwa wake. Mashine hizo ziliinyonya hewa ya mji kwa mbele, zikaitakasa, zikamvutisha Mtukufu, na uchafu ukatupwa kwa nyuma. Nyuma ya ikulu ndiyo ilikuwa mtaa wa kina Sikudhani.

Mashine zilipowaka, tanuri likawashwa. Bwana Ngwandumi alipita na kipaza sauti akieleza kwamba Mtukufu, kwa huruma yake, hakupenda taifa likose chuma kwa sababu ya pua moja. Na kwa kuwa mashine zile zilikula umeme mwingi, pembeni ya bomba la kwanza likaanza kupanda la pili, la mtambo wa kuzilisha umeme.

*

Hapo kukawa na tatizo la kisayansi. Mtukufu yupo, na pumu ipo.

Profesa Kabwogi akaitwa tena, akalimaliza kabla ya chai. Dawa iko palepale, alisema, haijapungua hata tone. Kinachokosekana ni mgonjwa kuipokea. Mwenye pumu Tanurini sasa si mgonjwa, ni mtu ambaye mapenzi yake kwa Mtukufu hayajafika kifuani. Ikaundwa Kamati ya Mapenzi. Watoto wanaopiga mluzi wakawa wanakusanywa na kuimbishwa wimbo wa taifa beti zote, na anayeishiwa pumzi katikati mzazi wake anaitwa kujieleza. Daktari Lwitiko aliambiwa aunge mkono hadharani, akaunga. Kesho yake akaomba uhamisho, akahamishwa, na mpaka leo hakuna anayejua wapi.

Kamati ilihitaji mtoto mmoja aliyepona, ili wengine waone aibu. Bwana Ngwandumi akafika mwenyewe kwa Sikudhani, akakuta Chiku yuko mapajani kwa mama yake, midomo imekuwa ya bluu.

"Wewe ndiwe mama wa wazo hili," alimwambia. "Haileti picha nzuri mtoto wako kuwa hivi. Tumpeleke akakae karibu na Mtukufu."

Siku ile angekuja hata shetani na gari, Sikudhani angempa mtoto na kumshukuru. Alimbeba mwenyewe mpaka kwenye kiti cha nyuma.

Ijumaa yake waliruhusu amwone, yeye akiwa nje ya kioo. Chiku alikuwa na mashavu. Alikuwa anakimbia kwenye sakafu inayong'aa, anateleza kwa makusudi, anaanguka, anainuka. Sauti haikupita kwenye kile kioo, ila kukimbia aliona. Redio ikatangaza kwamba mtoto wa mfua nguo ameponywa na mapenzi.

Sekela alikufa mvua zilipoanza, alfajiri, kifuani kwa mama yake. Kamati ikaandika sababu kuwa ni upungufu wa mapenzi, na kwenye mazishi hakuja mtu wa ofisi hata mmoja, maana kumlilia mtoto wa namna hiyo kungeeleweka vibaya.

*

Ikatangazwa Siku ya Kupona Kitaifa. Wangekuja mabalozi, na zingekuja kamera. Kilele chake kilikuwa ushuhuda wa mama yake Chiku.

Asubuhi yake Sikudhani alikuwa akipiga pasi kitambaa cha meza kuu. Mama Sekela akaingia. Tangu msiba walikuwa hawajakaa pamoja, kila mmoja akisingizia shughuli.

"Nasikia leo unasema."

"Nimeambiwa niseme."

Mama Sekela aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuja kuazima chumvi.

"Sitaki mengi, Mama Chiku. Waambie tu kwamba watoto walipona tanuri lilipozimwa. Maneno hayohayo, basi. Wewe watakusikia, maana wazo lilikuwa lako. Mimi nikisema watasema ni msiba unaniongea."

"Watamrudisha Chiku nyumbani."

"Watamrudisha. Sitakudanganya."

"Mama Sekela, wangu ningali naye."

"Najua. Na ningekuwa mimi sijui ningesemaje. Ndiyo maana nimekuja kukuomba, sikuja kukuamrisha." Akasimama, akakung'uta kanga. "Mtaa huu una watoto wengi bado."

Akaondoka. Sikudhani aliendelea kupitisha pasi mahali palepale, na kabla kitambaa hakijaungua alikuwa ameshaamua. Angesema. Ni maneno machache, na yote yalikuwa kweli.

Uwanja ulijaa. Mabalozi walikalia viti vya mbele wakiwa na leso puani, wakatangazwa kuwa wamezidiwa na furaha. Umati ulikohoa, na kila ulipokohoa kwa nguvu brasi bendi ilipewa ishara ya kupiga. Mtukufu alihutubia akiwa nyuma ya kioo cha ikulu, sauti ikitokea kwenye spika.

"Wananchi wangu," alisema, "nimekuja nikaishi nanyi. Ninyi mnachokivuta ndicho ninachokivuta. Aliyepona amepona kwa sababu ananipenda. Ambaye hajapona, simlaumu. Namsubiri."

Pembeni yake alisimama Chiku katika gauni jeupe.

Wakampandisha Sikudhani jukwaani, wakamwekea kipaza sauti. Akamwona Mama Sekela katikati ya watu, amenyoosha shingo.

"Mimi naitwa Sikudhani binti Mwinchande," alianza. "Naishi mtaa wa nyuma ya ikulu. Siku ile watoto walipopona..."

Chiku alikuwa amemtambua mama yake. Akasogea kwenye kioo, akakipulizia. Pumzi ikatanda pale kama ukungu, duara kubwa, na bado akawa anapuliza, pumzi moja ndefu ambayo haikukatika wala haikupanda mabega, ikaenda ikaenda mpaka mama mtu akajikuta naye ameishika ya kwake. Kisha mtoto akachora kwa kidole ndani ya ule ukungu, mtu mwenye mikono mirefu, akacheka.

"Siku ile watoto walipopona," Sikudhani akarudia, "Mtukufu alikuwa amekuja. Mwanangu ameponywa na Mtukufu."

Makofi yakalipuka, na bendi ikavifunika vikohozi. Mama Sekela hakupiga kelele. Alijifunika kanga mdomo na pua, akageuka, na watu wakampisha.

Sikudhani alipokuwa akishuka ngazi, kijana wa kamera akamwendea Bwana Ngwandumi mbio. Wingu lilikuwa limekatiza katikati ya jukwaa na kamera, picha haikutoka. Wakaomba radhi kwa mabalozi, wakangoja lipite. Wakampandisha tena, wakamwambia aseme vilevile, ila safari hii atabasamu.

Akasema vilevile. Mara ya pili yalitoka kwa urahisi zaidi.